Nyumba ya urithi Magomeni: tuuze, tuingie ubia, au tubaki?

"Shikamoo mzee. Marehemu baba alituachia nyumba Magomeni, ya vyumba sita, kiwanja cha kama mita za mraba 300, dakika tano kwa miguu hadi kituo cha mwendokasi. Tuko watoto saba. Mama anaishi humo na vyumba vitatu tumepangisha. Miezi miwili iliyopita alikuja mfanyabiashara na dalali wa mtaani. Anasema ama tumuuzie, ama tuingie ubia: ajenge ghorofa tano, akae nalo miaka 25, kisha aturudishie. Anasema nyumba yenyewe ni banda tu, haina thamani, na tusipochukua pesa yake sasa serikali itatwaa mtaa mzima tuambulie kifuta jasho. Kaka mkubwa anataka kusaini, wadogo zangu wawili hawataki kabisa. Mirathi hatukufungua, tulikubaliana tu kwenye arobaini. Nyumba nne za mtaa wetu zimeshavunjwa, majirani wamehamia Chanika na Chamazi. Nikisema tusiuze naambiwa napinga maendeleo. Anataka jibu mwisho wa mwezi. Tufanye nini?"

Marahaba, binti yangu. Pole kwa msiba wa baba, na pole kwa presha hii ya tarehe. Nimesoma barua yako mara mbili, maana kwa miaka niliyofanya kazi ya mipango miji hapa Dar es Salaam nimekaa kwenye mikeka ya familia nyingi zenye mtihani huu huu: nyumba ya baba, watoto wengi, mgeni mwenye gari zuri na siku ya mwisho. Nitakujibu kwa kirefu. Ila kuna jambo umwambie kaka yako leo, kabla hujamaliza kusoma. Asisaini kitu. Hata karatasi ya "makubaliano ya awali" asisaini, hata pesa ya kuonyesha nia njema asipokee.

Simtilii shaka kaka yako. Ni kwamba hana anachoweza kuuza. Kwa sheria, nyumba hiyo bado ni mali ya marehemu. Kikao cha arobaini kina heshima yake, lakini Msajili wa Hati hakitambui. Anayeweza kusaini kwa niaba ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na naye si mmiliki: anakusanya mali, analipa madeni, anagawa kwa warithi, kisha anaieleza mahakama alivyofanya. Kama baba alikuwa Mwislamu au mirathi yake inafuata mila, mnaanzia Mahakama ya Mwanzo mkiwa na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha familia kilichopendekeza jina. Mahakama inatoa tangazo, mwenye pingamizi analileta, ndipo uteuzi unafanyika. Mtu akinunua kwa mrithi mmoja kabla ya hapo, amenunua kesi. Na kesi hiyo itawakalia ninyi pia, miaka kumi kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba, huku mama akilala ndani ya mgogoro.

Mkiwa kwenye hilo, fungueni bahasha ya baba. Mtakuta hati, au offa (barua ya kupewa kiwanja), au leseni ya makazi. Angalieni miaka iliyoandikwa. Viwanja vingi vya zamani vilitolewa kwa miaka 33, na mara nyingi watoto hugundua muda ulishakwisha baba akiwa hai, hakuna aliyeomba kuhuisha. Angalieni pia kodi ya pango la ardhi. Wengi wanadhani wanailipa kwa sababu wanaona makato kwenye LUKU. Yale ni ya kodi ya jengo, yanakatwa kwenye umeme tangu 2021. Pango la ardhi ni kodi nyingine, inalipwa peke yake, na ikilimbikizwa humpa mtu mjanja mlango wa kuingilia: "nitawalipia deni, nanyi nisainieni hapa." Lipeni wenyewe, hata kwa kuchangishana kidogo kidogo.

Sasa hilo la serikali kutwaa mtaa. Hapa umeuziwa hofu. Mfanyabiashara hana uwezo wa kutwaa ardhi ya mtu. Uwezo huo upo kwa Rais, chini ya Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967, kwa manufaa ya umma, na una utaratibu wake: taarifa kwa wahusika, uthamini, majedwali ambayo mwenye mali anasaini baada ya kuona alichoandikiwa, kisha idhini ya Mthamini Mkuu wa Serikali. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inataka fidia iwe kamilifu, ya haki na ilipwe kwa wakati. Kanuni za uthamini za 2001 zinahesabu thamani ya ardhi na jengo kwa bei ya soko, halafu zinaongeza posho ya usumbufu, usafiri, pango la makazi la miezi 36, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Sheria ya uthamini ya 2016 ikaongeza kwamba malipo yakipita miezi sita tangu uthamini uidhinishwe, riba inaanza kuhesabiwa. Hiyo si lugha ya kifuta jasho.

Lakini nisikupambie. Fidia huchelewa. Walio ndani ya hifadhi ya barabara mara nyingi huwekewa X nyekundu na kuvunjiwa bila kulipwa, na wakazi wa Kimara hadi Kiluvya waliovunjiwa 2017 wanalijua hilo kuliko mimi. Kigamboni nako mpango wa mji mpya uliotangazwa 2008 uliwaweka watu miaka wasijue wajenge au waache. Kwa hiyo usipuuze habari ya mpango, ila usiichukue kwa dalali. Nenda ofisi ya mipango miji ya Manispaa ya Kinondoni na namba ya kiwanja na kitalu chenu, omba kuona mchoro wa mtaa. Uliza mambo matatu: kiwanja kimepangiwa matumizi gani, kinaruhusiwa ghorofa ngapi, na kuna mradi wowote ulioidhinishwa unaokigusa? Ni haki yako kuuliza. Majibu hayo matatu yatakufaa kuliko kila kitu kilichosemwa barazani kwenu miezi hii miwili.

Nije kwenye neno lililonigusa zaidi katika barua yako: "banda tu, haina thamani." Nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayotumika kuwanyamazisha. Nyumba yenyewe, kuta za udongo au tofali la zamani, bati lenye kutu, choo cha uani, kweli haina bei kubwa. Lakini hajaja kwa ajili ya nyumba. Angekuwa anataka nyumba angeangalia dari. Nina hakika aliangalia upana wa mbele na akapima kwa macho hatua za kufika kituoni.

Mwanajiografia Neil Smith aliliandika jambo hili 1979: pale ambapo pesa inayotoka kwenye ardhi kwa matumizi ya sasa iko chini sana kuliko ambayo ingetoka kwa matumizi mengine, hapo katikati kuna pengo, na pengo hilo ndilo linalomwita mwekezaji. Miaka kumi na tano iliyopita pengo la Magomeni lilikuwa dogo. Mwendokasi ulipoanza Mei 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni kwa Barabara ya Morogoro, likapanuka. Kariakoo ikajaa maghorofa na wafanyabiashara wakaanza kutafuta stoo na fremu za maduka karibu, likapanuka tena. Ninyi hamkufanya kosa lolote na nyumba haikubadilika. Kilichobadilika ni kila kitu kinachoizunguka. Ndiyo maana anayewaletea bei ya banda anawalipa kwa kile asichokitaka, na kile anachokitaka anakichukua bure.

Hebu tupige hesabu ya huo ubia wake. Tarakimu hizi ni za mfano, mkadiriaji majenzi atawapa za kweli, lakini njia ni hii hii. Tuseme katika mita 300, baada ya kuacha nafasi pembeni na nyuma, jengo linakalia 200. Sakafu tano ni mita za mraba 1,000. Tuseme kujenga ni shilingi milioni moja kwa mita. Hiyo ni bilioni moja. Ngazi, korido na vyoo vinakula sehemu, tubaki na mita 800 za kupangisha. Kwa wastani wa shilingi 15,000 kwa mita kwa mwezi zinatoka milioni 12, yaani milioni 144 kwa mwaka. Toa robo kwa ajili ya vyumba vitakavyokaa wazi, matengenezo, ulinzi na kodi za serikali. Inabaki milioni 108. Gawanya bilioni moja kwa hiyo: pesa yake yote imerudi ndani ya miaka tisa na ushee.

Mtu aliyeweka bilioni moja anastahili faida, wala sina tatizo na hilo. Amebeba hatari, huenda amekopa. Mwongezee miaka mitano hata sita, ifike kumi na tano. Yeye anataka 25. Ile kumi iliyozidi, mara milioni 108, ni zaidi ya bilioni moja kwa pesa ya leo. Hiyo ndiyo bei ya kiwanja cha baba yenu, na katika mkataba aliouleta mnampa bila kuandikwa popote kwamba mmempa. Na mwaka wa 25 atawakabidhi jengo la miaka 25, lenye mabomba ya kubadilisha na zege la kukagua upya.

Sisemi ubia ni mbaya. Kariakoo kuna familia zilizoingia ubia vizuri na leo kodi inasomesha wajukuu. Nasema ubia wote umo kwenye vipengele, na vipengele vitatu ndivyo ninavyovisoma kwanza.

Cha kwanza ni rehani. Wawekezaji wengi hawana bilioni mfukoni. Wanataka hati yenu waipeleke benki. Ukikuta sentensi inayomruhusu "kutumia hati kama dhamana ya kuendeleza mradi", jua kwamba akishindwa kulipa, benki inauza kiwanja cha mama, na hakimu hatakuwa na la kuwasaidia kwa sababu mlikubali kwa maandishi. Kama anataka kukopa, aweke rehani mali yake nyingine.

Cha pili, mnapata sakafu ipi na lini. Wengi hupewa ya juu kabisa, na huambiwa ni ya heshima kwa sababu ina upepo. Nilipanda ngazi za jengo moja la namna hiyo, ghorofa la nne, lifti haikuwahi kuwekwa. Mwenye kiwanja alikuwa mama wa miaka sabini na kitu, magoti yamechoka. Alikuwa ameketi dirishani juu ya kigoda chake cha zamani, kile alichokuwa akikalia barazani, akiangalia chini maduka yaliyosimama palipokuwa na mlango wake. Aliniambia ana wiki mbili hajagusa ardhi. Watoto walikuwa wameona mita za mraba kwenye mkataba wakaridhika, hawakuuliza ziko wapi. Magomeni pesa iko chini, kwenye fremu zinazotazama barabara. Tangu 2008 tuna Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo, inayowezesha sakafu au hata chumba kuwa na hati yake. Itumieni. Dai sakafu ya chini, au nusu yake, iwe na hati ya familia tangu siku jengo linapokamilika, bila kusubiri miaka 15 wala 25, na chumba cha mama kiwe huko huko chini.

Cha tatu ni akishindwa itakuwaje. Wewe mwenyewe umeona majengo yaliyoishia nguzo, nondo zimeota kutu, uani kumekuwa dampo. Iandikwe tarehe ya kumaliza, faini ya kila mwezi wa kuchelewa, na kwamba ujenzi ukisimama mwaka mzima kiwanja kinarudi kwenu pamoja na kilichopo juu yake. Pango la mama wakati wa ujenzi alipe yeye, na alipie Magomeni, siyo popote atakapotaka. Na mhandisi na mkandarasi wawe wamesajiliwa kwenye bodi zao, nakala za usajili mpewe mkononi, udongo upimwe. Hili silisemi kwa kutimiza wajibu. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo liliporomoka Kariakoo likaua watu zaidi ya 20, na mwaka 2013 lingine lilikuwa limeua watu 36 katikati ya jiji. Jengo hilo litakuwa na jina la familia yenu.

Kuhusu kuuza moja kwa moja, nitakuwa mkweli kwako hata kama ulitarajia nikuunge mkono. Kuna familia ambazo kuuza ndiyo heri yao. Ndugu wasioelewana kabisa hawawezi kusimamia jengo la pamoja kwa miaka 15. Watavunjana wao kabla ya jengo. Kuna mgonjwa anayehitaji matibabu, kuna deni. Katika hali hizo uza, lakini uza kiwanja, siyo banda: chukua mthamini aliyesajiliwa, mlipe wenyewe, msikubali wa mnunuzi. Kisha fanyeni hesabu ambayo huwa haifanywi. Toa kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida, toa udalali na wakili. Kinachobaki toa fungu la mama. Kwa mirathi ya Kiislamu ni thumni, yaani moja ya nane. Kingine wagawieni watoto saba; kwa mirathi hiyo hiyo wa kiume anapata mara mbili ya wa kike. Andika kiasi utakachopata wewe kwenye karatasi. Halafu nenda Chanika siku moja ya kazi, ushuke, uulize bei ya kiwanja chenye maji na umeme, upande gari saa kumi na mbili asubuhi kurudi mjini. Majirani zako waliohamia huko watakueleza nauli inakula nini kwa mwezi na wanatoka nyumbani saa ngapi. Mtu akifanya safari hiyo kisha akasema bado anataka kuuza, mimi namheshimu.

Njia ya nne mfanyabiashara hakuitaja, nayo ni kujenga wenyewe polepole. Haina fahari. Unaomba kibali manispaa, unabomoa vyumba viwili vya mbele, unasimamisha fremu tatu. Wapangaji wa fremu eneo kama lenu mara nyingi hulipa kodi ya mwaka mbele, na wengine hukubali kumalizia fremu wenyewe na kukatwa kwenye kodi. Kwa hiyo familia haina haja ya kukimbilia mkopo, ambao riba yake kwetu ni kali. Ukiweka msingi wa kubeba ghorofa tangu mwanzo, watoto wenu watapandisha. Ugumu wake ni nidhamu: akaunti moja, wasimamizi wawili, na kaka mkubwa asiwe ndiye mhasibu, hata awe mwaminifu kiasi gani. Kukaa bila kufanya lolote ndiko nisikokushauri. Bati linaendelea kuoza, deni la pango la ardhi linaendelea kupanda, na ndugu mmoja mmoja anachoka.

Kuna watu katika barua yako ambao umewataja kwa maneno matatu: "vyumba vitatu tumepangisha." Naomba nikae nao kidogo. Magomeni, kama mitaa yote ya zamani ya Dar, wapangaji ni wengi. Mtaa unapopanda bei, mwenye nyumba angalau anaondoka na kitu. Mpangaji anaondoka na godoro. Tulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Pango ya 1984. Ilifutwa 2005, na tangu hapo mpangaji hana kinga kubwa zaidi ya mkataba wake, na wengi hawana hata huo. Labda mmoja wa wapangaji wenu anakaanga vitumbua pale barazani tangu ukiwa shule ya msingi, na wateja wake ni watu wa mtaa ule ule. Ukimhamishia Chamazi hukumhamisha chumba tu, umemwondoa sokoni. Kwa uchache wapeni taarifa ya miezi sita kwa maandishi, warudishieni kodi waliyolipa mbele, na mkijenga fremu mwenye vitumbua awe wa kwanza kuulizwa. Mengi ya haya hakuna sheria itakayowalazimisha. Nakuomba mimi.

Na hilo la kupinga maendeleo. Wazungu wana neno lao, "gentrification", kwa mtaa wa watu wa kipato cha chini kugeuka wa wenye nacho. Lilibuniwa 1964 na mwanasosholojia Ruth Glass akieleza vitongoji vya London. Kule wenye pesa walizinunua nyumba kuukuu wakazikarabati wakaishi humo. Kwetu nyumba haikarabatiwi, inavunjwa, na anayekuja mara nyingi siye anayehamia: ni maduka, stoo na ofisi. Kwa hiyo mtaa haupotezi tu wakazi wake, unaacha kuwa mahali pa kulala watu. Pita Kariakoo saa nne usiku, kwenye mitaa ambayo zamani ilikuwa na baraza kila nyumba, utaelewa.

Lakini wanaokuambia mji lazima upande juu hawakosei. Sensa ya 2022 imetukuta milioni 5.38 Dar es Salaam, na mji ukiendelea kutanuka kwa nyumba za chini tutakuwa tunajenga hadi Kibaha, huku tukitumia saa nne kwa siku barabarani. Ghorofa dakika tano kutoka kituo cha mwendokasi ni mipango miji mizuri. Swali ni nani atakaa humo. Serikali ya kikoloni ilipopima Magomeni kuwa makazi ya Waafrika, hapa palikuwa pembeni ya mji, ng'ambo ya bonde la Msimbazi. Wazee wetu walipewa pembeni kwa sababu katikati palikuwa pa wengine. Waliweka miti, wakachimba vyoo, wakajenga misikiti, makanisa na vilabu vya mpira; Mwalimu Nyerere mwenyewe aliishi Magomeni wakati wa kudai uhuru, na nyumba yake sasa ni makumbusho. Mji umewakuta walipo. Kusema kwamba sasa pamekuwa pazuri basi wahame tena pembeni, hayo siyaiti maendeleo, nami nimeyafanyia kazi maisha yangu yote.

Tena kubaki kunawezekana, mfano uko mtaani kwenu. Wakazi wa Magomeni Kota, familia 644, waliondolewa miaka ya mwanzo ya 2010 nyumba zao zikavunjwa. Eneo lilikaa tupu miaka. Yakaja kujengwa maghorofa, na 2022 familia zile zikafunguliwa milango kurudi. Walisubiri karibu miaka kumi, wapo waliofariki wakisubiri, na hiyo ni aibu. Lakini waliorudi walirudi kwa sababu majina yao yaliorodheshwa, kaya kwa kaya, na hawakuacha kudai kama kundi. Nyumba nne zilizovunjwa mtaani kwenu ziliuzwa moja moja, kila familia ikiwa peke yake na dalali. Zungumza na majirani waliobaki. Nyumba nne zilizopakana zikiungana zinaweza kumwita mwekezaji mkubwa zaidi kwa masharti yenu, na viwanja vilivyounganishwa vinajengeka vizuri kuliko kipande cha mita 300.

Haya niliyoandika hayatoshi kusaini nayo mkataba. Wakili mnamhitaji ana kwa ana kabla ya ubia au mauzo yoyote, na wakili huyo asiwe yule aliyeletwa na mfanyabiashara. Mthamini na mkadiriaji majenzi waje wasimame kwenye kiwanja. Kama pesa ya wakili haipo, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, wana msaada wa kisheria, nendeni na bahasha yote ya baba. Na usisubiri hata siku moja kama utagundua kaka ameshapokea pesa, kama kuna mtu amekuja kupima kiwanja bila kuwaambia, au kama hati haionekani mahali pake. Hapo nenda kwa Msajili wa Hati ufanye upekuzi kuona kilichoandikwa, na umwombe wakili aweke zuio kwenye hati hiyo siku hiyo hiyo.

Mwisho wa mwezi ukifika, mpigieni mfanyabiashara kwa heshima, mumwambie mirathi imefunguliwa na msimamizi akishateuliwa mtazungumza naye, yeye na wengine watakaokuja. Akisema ofa imekufa, iacheni ife. Atakuja mwingine, kituo cha mwendokasi hakihami.

Na kabla ya kikao cha familia, utangulie wewe siku moja, ukae na mama uani mkiwa wawili. Barua yako imenieleza anachotaka kaka, wasichotaka wadogo zako, na anachosema dalali. Yeye sijasikia neno lake. Muulize anataka kulala wapi, na anataka asubuhi akifungua mlango aamkiane na nani. Atakachosema kiandikwe kwenye muhtasari wa kikao, ukurasa wa kwanza, ndugu wote saba wasaini chini yake.